Uongo wa Dukani na Haki Zetu Wafanya Kazi

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi letu mjini Nyeri. Imepigwa chapa kwa ajili ya wenzetu wa Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru ambao hawakuweza kuhudhuria.



Katika mikutano iliyopita tumesema sana juu ya mishahara, juu ya saa za kazi na juu ya likizo. Leo kamati imetuagiza tuseme juu ya jambo jingine, ambalo huenda wengine wataona si kazi ya chama. Ni uongo unaosemwa dukani ili mali inunuliwe, na sheria za nchi yetu zinazokataza uongo huo.

Je, jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi? Lahusu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, mshahara haupimwi siku ya kulipwa tu, hupimwa pia siku ya kuutumia. Twaweza kukaa na tajiri miezi mingi tukibishana juu ya nyongeza, tukaipata, kisha nyongeza ile ikaondoka kwa mchana mmoja, kwa mizani isiyo sawa au kwa punguzo la bei ambalo si punguzo. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Wengi wetu hapa ndio wauzaji. Sisi ndio tunaobandika bei, tunaopima sukari, tunaosimama mlangoni kumwita mteja. Uongo wa tajiri hauwezi kumfika mnunuzi mpaka upite katika kinywa cha mfanya kazi. Na mnunuzi yule ni nani? Ni mfanya kazi mwingine, au mke wake, au mzazi wake aliyetoka shambani na fedha za chai.

Kwa hiyo sisi tuko pande zote mbili za meza ya duka. Tafadhali likumbukeni neno hilo mpaka mwisho wa hotuba.

HABARI YA MABLANKETI

Tuanze na habari iliyotufikia ofisini. Mji hatutautaja, wala duka hatutalitaja, kwa maana jambo lilikwisha kwa mapatano. Mwanachama wetu, dada mmoja, alikuwa mwuzaji wa mablanketi. Ulikuwa mwezi wa Julai, na ninyi mwaijua Julai ya huku kwetu: jua halionekani siku nyingi, na kila mtu atafuta kitu cha kujifunika. Blanketi la namna fulani lilikuwa likiuzwa Shs. 2,400/-. Bei ilikuwa hiyo mwezi wa Machi, na mwezi wa Mei ilikuwa hiyo hiyo. Siku moja msimamizi akaleta karatasi nyekundu zilizochapwa hivi: "Bei ya zamani 3,200/-. Bei ya leo 2,400/-. Siku tatu tu." Akamwambia dada yetu azibandike, na awaambie wateja kwamba Jumatatu bei itarudi juu.

Dada yetu alizibandika. Twasema hivyo wazi, maana hata yeye mwenyewe halifichi. Jioni akaja mama mmoja kutoka Kieni, ambaye alikuwa ameuza viazi. Alitaka blanketi moja, na fedha nyingine alikuwa amezitenga kwa karo ya mtoto. Aliposoma zile siku tatu akasimama kidogo, kisha akamwuliza dada yetu, "Mwanangu, kama ungekuwa ni wewe, ungeliacha la pili?" Dada yetu akajibu kama alivyoagizwa. Mama akanunua mawili.

Asubuhi dada yetu alizibandua zile karatasi, akamwambia msimamizi kwamba hawezi kusema tena maneno yale kwa kuwa si kweli. Alipewa barua ya onyo. Barua ilisema amekataa amri ya kazi, na akirudia atafukuzwa bila malipo. Ndipo akaja kwetu.

Tutawaambia baadaye jinsi barua ile ilivyojibiwa. Kwanza yatupasa kujua sheria yasema nini juu ya zile karatasi nyekundu.

SHERIA YASEMA NINI

Zamani sheria ya biashara ilimwachia mnunuzi mzigo mkubwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni na bado yatumika, ilisema mali iwe kama ilivyoelezwa na iwe ya kufaa kuuzwa, lakini iliwaruhusu wenye kuuza na kununua kupatana vingine. Mwenye nguvu ndiye aliyeandika mapatano. Mnunuzi aliambiwa tu kwamba ajiangalie mwenyewe.

Mambo yalibadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yasema kwamba mnunuzi ana haki ya kupata mali na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na kitu alichonunua, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na uchumi wake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya mali. Haki hizi ziko pamoja na haki ya kusema, haki ya kuabudu na haki ya kujiunga na chama cha wafanya kazi.

Baada ya Katiba ilikuja Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi, namba 46 ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika mwaka 2013. Sheria hii yataja mambo ambayo mwuzaji hawezi kuyafanya. Tutayataja machache kwa lugha ya kawaida:

1. Kusema kitu kina sifa, kazi, faida au kibali ambacho hakina.

2. Kusema kitu ni cha daraja au namna fulani, na kumbe sivyo.

3. Kusema kitu ni kipya, na kumbe kimetumika au kimetengenezwa upya.

4. Kusema kifaa chataka kutengenezwa au kubadilishwa sehemu, na kumbe hakitaki. Wenye pikipiki wasikie neno hili.

5. Kusema bei imepunguzwa, au kwamba kuna nafuu fulani ya bei, na kumbe hakuna.

6. Kutia chumvi, kusema maneno ya mafumbo, au kunyamazia jambo kubwa, ili mnunuzi adanganyike.

Angalieni namba ya 5. Hizo ndizo karatasi nyekundu. Angalieni pia namba ya 6, kwamba hata kunyamaza kwaweza kuwa uongo. Mwuzaji anayejua kwamba jiko lile halifai kwa mkaa, akakuacha ulichukue huku akitazama pembeni, hawezi kusema, "Mimi sikumwambia neno."

Sheria hiyo hiyo yakataza kumwonea mnunuzi ambaye hawezi kujilinda. Kama mwuzaji anajua kwamba mnunuzi ni mgonjwa, au hajui kusoma, au haelewi lugha iliyoandikwa katika mkataba, hayo mahakama yaweza kuyatazama. Yaweza pia kutazama kama bei imepita mno bei ya kitu kile kile katika maduka mengine, au kama mwuzaji alijua tangu mwanzo kwamba mnunuzi hataweza kumaliza kulipa. Fikirini wazee wangapi huko Mukurwe-ini na Tetu wametiwa dole gumba katika karatasi za Kiingereza.

Kuna sheria nyingine inayofuatana na hii. Sheria ya Ushindani, namba 12 ya mwaka 2010, nayo yakataza maneno ya uongo juu ya ubora wa mali, juu ya bei na juu ya dhamana. Yasema tena kwamba mtu hawezi kukutoza ada ambayo hukuambiwa kabla ya kutozwa. Mtu akipatikana na hatia chini ya sehemu hiyo aweza kufungwa hata miaka 5, au kutozwa faini hata shilingi milioni 10, au yote mawili. Mamlaka ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Katika mwaka 2016 Mamlaka hiyo iliamuru kampuni zinazotuma fedha kwa simu zimwonyeshe mteja ada kabla hajakubali kutuma. Kwa hiyo sheria si maneno ya vitabuni tu. Ikishikwa, inafanya kazi.

HAZIRUDISHWI

Sasa tutazame risiti mlizo nazo mifukoni. Nyingi zimeandikwa chini kwamba mali ikisha kuuzwa hairudishwi. Maneno hayo yamebandikwa pia ukutani, na wengi wetu tumeyaamini kama amri ya serikali.

Ndugu, ukuta haufuti sheria. Sheria ya mwaka 2012 yasema kwamba haki zilizomo ndani yake zabaki hata kama mnunuzi ametia sahihi kuziacha. Kama umebadili nia tu, umefika nyumbani ukaona rangi haikupendezi, basi mwenye duka aweza kukataa, na hapo hana kosa. Lakini kama ulidanganywa, ile ilani ya ukutani haimsaidii.

Mtu aliyenunua kwa kudanganywa ana haki ya kuvunja mapatano na kudai fedha zake, tena aweza kudai fidia. Kama mali haiwezi kurudishwa, aweza kudai ile fedha iliyozidi thamani yake. Lakini sharti atoe taarifa kwa mwuzaji kabla ya mwaka mmoja kupita tangu siku ya mapatano. Sheria haidai karatasi ya namna fulani, ila sisi twawashauri kuandika, kutia tarehe na kubaki na nakala.

Yule mama wa Kieni alikuwa na mwaka mzima. Angaliweza kulirudisha blanketi la pili. Tulimtafuta kwa watu wanaoleta viazi, hatukumpata. Haki yake ilikuwapo, lakini hakuna aliyemwambia.

MIZANI, GUNIA NA SIMU

Haifai tuseme uongo wa dukani ni bei peke yake. Tutataja mambo matatu mengine yanayotugusa sana.

La kwanza ni mizani. Mizani ya biashara sharti ikaguliwe na kutiwa muhuri. Kazi ya kusimamia biashara ya haki iko mikononi mwa kaunti, na afisa wa vipimo na mizani yuko. Mwenye bucha akikupimia nyama, simama mahali unapoweza kuona mshale au tarakimu, uone kama imeanza kwenye sufuri. Na ukinunua gesi ya kupikia, omba mtungi upimwe mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, toa huo, uone kama kilo za gesi zimetimia.

La pili ni gunia. Wengi wetu tuna shamba nyuma ya nyumba, au wazazi wetu wanalo. Katika mwaka 2024, wakati wa kupanda mvua za masika, ilijulikana kwamba mbolea ya uongo ilikuwa imeuzwa kwa wakulima ndani ya mpango wa serikali wa mbolea ya ruzuku, ambayo gunia la kilo 50 lilikuwa Shs. 2,500/-. Ilipita katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, mahali ambapo mkulima hakuwa na sababu ya kushuku. Jambo lilifika Bungeni, na Waziri wa Kilimo wa wakati ule akapigiwa kura ya kumwondoa mwezi wa Mei, ingawa kamati iliyomchunguza baadaye ilisema mashtaka hayakuthibitika. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima waliouziwa. Na hapo ndipo penye fundisho letu: katika jambo la namna hiyo, aliyetunza gunia na risiti ana kitu cha kuonyesha, na aliyechoma gunia na kutupa risiti ana maneno matupu.

Hata alama ya ubora ya shirika la KEBS yaweza kuigwa. Chini ya alama ile kuna namba ya kibali. Andika katika simu herufi SM, alama ya #, na namba ile, kisha upeleke kwa 20023, nawe utajibiwa kibali ni cha nani na cha mali gani. Kama jina la jibu silo jina la pakiti, iache dukani.

La tatu ni simu na vitu vingine vya kulipa kidogo kidogo. Hapa tuseme polepole, kwa maana vijana wetu wengi wameingia. Tuseme kwa mfano simu ambayo ukilipa mara moja ni Shs. 17,000/-. Unaambiwa utoe Shs. 3,000/- kwanza, kisha Shs. 75/- kila siku kwa mwaka. Sabini na tano ni chai na mandazi, wala haitishi. Lakini chukua kalamu. 75 mara 365 ni 27,375. Ongeza zile 3,000. Jumla ni Shs. 30,375/-. Simu ya elfu kumi na saba umeinunua kwa elfu thelathini na zaidi, na ukikosa kulipa siku chache inafungwa.

Hatusemi kununua kwa mkopo ni kosa. Mtu mwenye mshahara mdogo hana njia nyingine mara nyingi. Twasema hivi: jumla ya bei ni jambo kubwa, na sheria yataka mkopeshaji amweleze mkopaji gharama ya mkopo wake. Anayekutajia ya kila siku na kuficha ya mwaka hajakuambia bei. Kabla ya kutoa senti moja, mwulize, "Mpaka nimalize nitakuwa nimelipa ngapi?" Akishindwa kujibu au akikuchekea, ondoka.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila kinachotembezwa ni kibaya, lakini kinachotembezwa kwa haraka nyingi kitazameni mara mbili.

MFANYA KAZI ALIYEAGIZWA KUSEMA UONGO

Sasa turudi kwa dada yetu na barua yake ya onyo.

Wako wanachama waliosema, "Mwacheni. Amri ni amri. Tajiri ndiye mwenye duka." Na wako waliosema, "Akifukuzwa, blanketi la mama wa Kieni litamlisha?" Hatukuwadharau, kwa maana hofu yao ni ya kweli. Kazi ni adimu, na nje ya kila duka kuna vijana kumi wanaongoja.

Lakini tulifungua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Katika kifungu cha 44 yasema mfanya kazi aweza kufukuzwa mara moja kama amekataa kwa kujua amri ya tajiri wake. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Someni vizuri. Yasema amri iliyo halali na ya haki, tena iliyo ndani ya kazi yake. Kuandika bei ni kazi ya mwuzaji. Kuandika bei ya uongo ni jambo lililokatazwa na sheria ya nchi, kwa hiyo amri ya kuliandika haikuwa halali. Aliyeikataa hakukataa kazi.

Tena kuna jambo ambalo linatupasa kuliogopa zaidi ya barua ya onyo. Sheria ya Maelezo ya Biashara, sura ya 505, yasema kwamba mtu yeyote ambaye katika biashara anaweka maelezo ya uongo juu ya mali, amefanya kosa. Mtu yeyote. Haikusema tajiri peke yake. Mkaguzi akiingia, mkono atakaoukuta juu ya karatasi nyekundu si mkono wa mwenye duka aliye nyumbani kwake, ni mkono wako.

Basi tulijibu barua ile kwa ukurasa mmoja. Hatukutukana wala hatukutisha. Tuliomba tuonyeshwe risiti moja tu ya blanketi lile lililouzwa Shs. 3,200/- wakati wowote mwaka ule. Tuliandika kile kifungu cha amri iliyo halali. Tuliomba pia kwamba kama tajiri anataka kuendelea, dada yetu asikilizwe kwanza mbele ya mwakilishi wa chama, kama kifungu cha 41 kinavyotaka. Risiti haikuonekana. Baada ya siku kadhaa tuliitwa, tukanywa chai, na barua ikatolewa katika faili. Karatasi nyekundu hazikurudi. Dada yetu bado anauza mablanketi.

Haitakuwa rahisi hivyo kila mara. Kwa hiyo jueni na haya. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, yasema kwamba kupeleka malalamiko juu ya tajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko hayo yakionekana ni ya ovyo na hayana msingi. Aliyefukuzwa bila haki aweza kwenda kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Nyeri pia, katika muda wa miaka 3. Mahakama hiyo yaweza kumpa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Na kama bei ya rafu ni ndogo kuliko bei ya mashine, mteja akashikilia bei ya rafu, tofauti ile isikatwe katika mshahara wa karani. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa. Hasara ya mali inayokatwa ni ile ambayo mfanya kazi ameileta kwa kusudi lake mwenyewe, na karani hakuandika karatasi ya rafu.

Na sisi wenyewe tujiseme. Wako kati yetu wanaolipwa kamisheni, na uongo mwingine hatuuagizwi na mtu, twautunga wenyewe ili tufikishe hesabu ya mwezi. Tumesikia mwenzetu akimwambia mzee kwamba redio ni ya Japani huku akijua sivyo, kisha akacheka na wenzake. Jumamosi ile ile mwenzetu huyo alikuja ofisini kulalamika kwamba ameuziwa viatu vya ngozi ambavyo vilikuwa karatasi. Tulimsikiliza, lakini hatukuweza kumtazama bila kumkumbuka mzee yule.

MAHALI PA KWENDA

Ukidanganywa, fanya hivi kwa taratibu.

Kwanza, rudi dukani mapema, na risiti, na mtu wa kushuhudia. Sema kwa adabu. Msimtukane karani, kwa kuwa ni mwenzetu. Omba kuonana na mwenye duka.

Pili, kama hasikii, andika barua ya kuvunja mapatano na kudai fedha. Tawi litakusaidia kuiandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Tatu, jambo la mizani lipeleke kwa afisa wa vipimo na mizani wa kaunti. Jambo la ubora lipeleke KEBS. Jambo la bei na matangazo ya uongo lipeleke kwa Mamlaka ya Ushindani.

Nne, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nayo sheria yaitaka imalize shauri kwa siku 60. Waweza kusimama mwenyewe na kusema kwa maneno yako, bila wakili. Mahakama hiyo iko hapa Nyeri. Watu wengi huacha haki ya elfu nne kwa kuogopa wakili wa elfu ishirini. Kwa mahakama hii hofu hiyo haina mahali.

MAMBO TUNAYOWAOMBA

Kamati yawaomba wanachama mambo manne.

Kila mwanachama atunze risiti zake mahali pamoja, hata kama ni ndani ya mkebe, kwa mwaka mzima.

Kila mwuzaji atakayeagizwa kusema au kuandika uongo aombe amri hiyo kwa maandishi. Tumeona mara nyingi kwamba amri ya uongo ikiombwa kwa maandishi, inakufa yenyewe.

Kila mjumbe wa chama mahali pa kazi amfikirie pia kijana anayeuza simu barabarani kwa kamisheni tupu. Hana mshahara, wala hana chama, na kwa sababu hiyo ndiye anayesukumwa kusema uongo kuliko sisi sote. Mleteni mkutanoni. Akipata mshahara wa haki hatalazimika kumdanganya mama yetu ili ale.

Na jambo la nne, mwambieni mtu mmoja nyumbani habari hii, kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kikuyu, semeni Kikuyu. Kama ni Kimeru, semeni Kimeru. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, lakini aliyedanganywa ni mama wa Kieni.

Ndugu wanachama, tulisema mwanzoni kwamba tuko pande zote mbili za meza. Upande mmoja tunaomba mshahara wa haki kwa kazi ya haki. Upande wa pili tunaomba mali ya haki kwa fedha ya haki. Hatuwezi kuomba kwa mkono mmoja na kuiba kwa mkono mwingine. Tukikataa kuwa kinywa cha uongo, tajiri mwongo atabaki na karatasi zake nyekundu bila mtu wa kuzibandika.

Yule mama wa Kieni, kama kuna anayemjua, amwambie aje ofisini. Kama mwaka haujapita, tutaiandika barua pamoja naye.

Umoja ni nguvu.